Siku Nne za Malbork

Nilitakiwa niseme hapana. Ilikuwa Jumatatu mchana, katika mkahawa mmoja wa mji wa Praha, na mbele yangu kulikuwa na sahani ya samaki wa mtoni mwenye miba mingi kuliko nyama. Rafiki yangu Nassor alifuta mdomo, akasema kwamba ngome tuliyokuja kuiona tumekwisha kuiona, lakini iko nyingine Polandi, siku moja tu ya treni, ambayo ukiipima kwa ardhi inaishinda hii na zote za dunia. Tiketi zetu za kurudi Maskati zilikuwa za kesho yake. Akauliza kama kweli watu wazima tumefika mlangoni kisha tugeuke. Nikasema haya, twende. Hakunilazimisha. Nassor ana maneno mengi, lakini hajapata kumburura mtu.

Nyinyi wenzangu wa baraza ya hapa mtaani Wattaya mmekuwa mkiniuliza mbona nilirudi na picha tele na sina hadithi. Hadithi ninayo. Nimejaribu kuisimulia kwa mdomo mara mbili na ikanishinda, ndiyo maana naiandika. Mambo ya viza na tiketi nitayaruka. Mengine nitayataja yote, pamoja na yale yanayonivunjia heshima.

WATTAYA

Kwanza mjue nilimwacha nani. Dada yangu Zuwena, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Mkubwa, alikuwa amenipita kwa miaka kumi na miwili. Mama alipokufa Unguja mimi nilikuwa sijaanza chuo cha Kurani, na yeye ndiye aliyenilea. Tulikuja Oman pamoja, na baada ya mke wangu kufariki nikahamia ghorofa ya chini ya nyumba ya mwana wa Zuwena, Khalfan, hapa nyuma ya maduka ya magari. Bi Zuwena alikaa juu, pamoja na Akinyi, mama mmoja wa Kisumu aliyekuwa akimsaidia kuoga na kupanda ngazi. Wakibishana siku nzima, huyu kwa Kiunguja na yule kwa Kiswahili cha Kenya, na ikifika saa kumi wanakunywa chai ya tangawizi kutoka birika moja.

Baba yetu alizaliwa Bahla, huku Oman, akaondoka kijana, asirudi tena. Alitusimulia utotoni hadithi ya ngome ya huko na ukuta wake unaozunguka mji mzima, ambao watu wa kale walisema ulijengwa na majini. Bi Zuwena alitaka kuiona ngome hiyo. Ni safari ya saa mbili kutoka hapa. Na mimi, kama mnavyojua, nilikuwa mtunza ghala wa mafundi waliokuwa wakiitengeneza, miaka mingi, nikihesabu magunia ya udongo na mapipa ya chokaa. Kila akiniomba nilimjibu kwamba bado kuna majukwaa na mabati, angoje wamalize, nimpeleke aione kama alivyoiona baba. Nilitaka aione nzima. Nilidhani huo ni upendo, na labda ulikuwa upendo, lakini miaka kumi ilipita.

Siku niliyomwambia nakwenda Ulaya na Nassor kuona ngome kubwa, alinitazama juu ya miwani. "Unakwenda kuziona za wenyewe," akasema. "Na yetu?" Nikacheka, nikamuahidi kwamba nitafika Jumatano, na Alhamisi asubuhi nitampeleka. Lakini moyoni nilipanga kumpeleka ngome ya Jabrin, jirani ya Bahla, ambayo imekwisha kutengenezwa na ina dari za maua, na Bahla tuipite kwa gari tu. Hata ahadi yenyewe haikuwa safi.

Kuna mambo mawili ya nyumba yetu lazima myajue. La kwanza, Bi Zuwena hakuwa akimuuliza msafiri siku ya kurudi. Ukimtajia mwenyewe, ataifunika haraka kwa inshallah na kubadilisha mazungumzo. Nilikuwa bandarini Unguja siku alipomuuliza baba atarudi lini kutoka Pemba, na baba alifia Pemba. Tangu hapo sikumsikia akimuuliza mtu tena, hata watoto wakienda shule.

La pili, kwetu msafiri haambiwi jambo zito akiwa njiani. Amri hiyo ni yangu. Khalfan alipokuwa akisoma nje, baba yake alikufa wiki moja kabla ya mitihani, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyebaki mwanamume mkubwa wa nyumba, nilikataza asiambiwe. Alikuja kuyajua uwanja wa ndege wa Seeb, mkoba ukiwa begani. Wakati ule nilijisifu kwa busara hiyo.

SEEB MPAKA FRANKFURT

Bi Zuwena alitufungia halwa bakuli mbili. Pale Seeb haikuwa na neno, kila mtu anasafiri na halwa. Frankfurt tulikobadilisha ndege, mkaguzi alifungua bakuli, akalitikisa, halwa isitikisike. Akaingiza kijiti. Kijiti hakikutoka. Akamwita mwenzake, na huyo akamwita wa tatu, wakasimama kulitazama lile bakuli kama wanaosubiri lijieleze. Nassor akachota kwa kidole, akala, akawakaribisha. Mdogo wao akaonja, akafumba macho, akasema neno moja, na tukapita. Kijiti kilibaki ndani; nilikuja kukitoa Praha.

Ukungu ulifunga uwanja. Tulikaa saa tisa. Karibu yetu alikuwepo bwana mmoja mrefu, mwenye koti la mvua, aliyekosa ndege ya kwenda kwenye harusi ya binti yake. Hatukuwa na lugha ya kusemeshana, ila alituonyesha picha ya binti, kisha saa yake, kisha akakunja uso. Nikamwekea halwa. Hatukuwa na kijiko, akachotea kadi yake ya kuingilia ndegeni, mpaka karibu aimalize halwa, na kadi yenyewe ikawa haisomeki. Walipomwita, mhudumu aliishika kwa ncha mbili za vidole. Alipunga mkono mpaka alipopotea. Natumaini aliwahi.

PRAHA

Nassor alisomea uhandisi Praha ujanani, na safari nzima alijivunia kwamba lugha ya huko imo kichwani kama alivyoiacha. Kweli ilikuwa kama alivyoiacha. Mama mwenye nyumba ya wageni alipomsikia alishika ukuta, akacheka, akakaa chini kabisa. Baadaye binti yake akatueleza kwa Kiingereza kwamba mzee wetu anazungumza kama vijana wa mabwenini wa wakati ule, lugha ya kutongozea, na hapo alikuwa akiomba taulo.

Chakula kilitupa taabu. Nassor alimweleza mhudumu kwamba hatuli nguruwe, naye akakubali kwa kichwa na kuleta supu yenye vipande vya rangi ya waridi vinavyoelea. Tulipouliza, akajibu kwa upole kwamba hiyo si nyama, ni ya kutia ladha tu. Kuanzia hapo tuliishi kwa samaki, viazi, na vidonge vya unga wa kuchemsha vinavyokatwa vipande kama mkate. Nassor alivila huku macho yakimlengalenga, akisema ni ujana wake.

Ngome ya Praha si jumba moja. Ni mji ulio juu ya kilima, wenye kanisa kubwa katikati, makasri, nyua tatu, na kijia cha vijumba vidogo vilivyoegemea ukuta, walimokaa walinzi wa mfalme na baadaye mafundi dhahabu. Milango yake mtu lazima ainame. Ilianza zaidi ya miaka elfu iliyopita kwa mbao na udongo, kisha kila mfalme aliyekuja akaongeza chake, asibomoe cha mwenzake akiweza kukiegemeza. Kwa hiyo ukitembea hatua mia unapita miaka mia nne. Wenyewe wanasema ni ngome kubwa kuliko zote za kale. Nassor alinieleza kwamba katika mambo ya ukubwa kila mmoja huja na kipimo chake.

Mimi nilitazama kilicho katikati ya mawe. Ni ugonjwa wa kazi. Nilikwangua kidogo kwa ukucha, nijue wametia chokaa ya namna gani, na askari akanipigia mluzi mbele ya watoto wa shule. Nassor akamwendea kunitetea kwa lugha yake ya mabwenini. Askari alitabasamu, lakini alitufuata mpaka langoni.

Mchana huo ndio tulipokula yule samaki, na ndipo niliposema haya, twende.

Alasiri nikapiga simu nyumbani. Akapokea Akinyi. Nilipomwambia kwamba hatutafika Jumatano, tutafika Jumamosi, akasema polepole, "Mzee, si ukuje tu hiyo siku ulikuwa umesema." Kabla sijajibu, simu ilichukuliwa na Khalfan. Akaniamkia, akasema wote wazima, alhamdulillahi, mimi nitembee tu.

Nikaomba kusema na Bi Zuwena. Ilichukua muda simu kumfikia. Hilo nililiona.

"Umelala, dada?"

"Nnapumzika tu. Joto la mwaka huu limenichosha, Saidi."

Nikamweleza habari ya Polandi. Akauliza kama ni kubwa kuliko ya Bahla. Nikamwambia ndivyo wanavyosema.

"Wanasema," akarudia, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Nikasikia maji yakimiminwa. Kisha akauliza, "Na utarudi lini?"

Tangu baba, miaka arubaini na zaidi, hakumuuliza mtu swali hilo.

"Jumamosi, inshallah," nikamjibu.

"Haya. Kaitazame vizuri, uje unihadithie."

Nataka mjue kwamba nilisikia. Sitaki mtu anitetee kwa kusema sikujua. Sauti ile niliijua, kikohozi nilikisikia, na swali lile lilinigonga kifuani. Lakini nilikuwa nataka kwenda, basi nikajitafutia maelezo: Bi Zuwena amezeeka, ameacha miiko yake, Akinyi anaogopa Ijumaa yake, siku ya mapumziko, ya kwenda kanisani Ruwi itaharibika nisipokuwepo nyumbani. Nikarudi chumbani kufunga sanduku.

TRENI

Nassor alituketisha behewa la mwisho kwa kuwa lilikuwa tupu. Mimi nilishukuru. Kumbe treni za huko hugawanyika njiani, mabehewa ya mbele yanakwenda kwingine na mkia unabaki, na sisi tulikuwa mkiani. Tulisimama katika kituo kidogo, tukasikia kishindo, na mabehewa ya mbele yakaondoka bila sisi. Nassor alisema ni utaratibu wa kawaida. Baada ya saa moja akaja mfagiaji, akatutazama, akafagia kuzunguka miguu yetu.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyevaa kitambaa kichwani kilichofungwa kidevuni, karibu kabisa na wanavyojifunga wanawake wa kwetu, na mwenye kikapu. Alituongoza mpaka kwa mkuu wa kituo, akamgombeza mkuu wa kituo kwa niaba yetu, kisha akakaa nasi barazani akatugawia mayai ya kuchemsha, achari ya matango na mkate mweusi. Nassor alipojaribu kusema naye, bibi alitikisa kichwa, akamtilia yai jingine mkononi. Nililala siku ile nikimfikiria Bi Zuwena. Angempenda. Wangegombana.

Kwa ajili ya behewa lile tulipoteza siku nzima, na Malbork tuliyotakiwa kuiona Jumatano tukaifikia Alhamisi. Kituoni pale palikuwa na simu ukutani. Nilipita mbele yake mara tatu. Sikupiga, kwa kuwa niliogopa Akinyi asije akapokea tena.

MALBORK

Ni nyekundu. Hilo ndilo la kwanza. Inatokea kando ya mto, matofali mekundu juu ya matofali mekundu, mpaka jicho linachoka kuyapanda. Ilijengwa na watawa waliokuwa pia askari, Wajerumani wa zama za vita vya msalaba, walioitawala nchi ile kwa upanga na sala pamoja. Ni ngome tatu ndani ya moja: ya chini ya farasi, maghala na silaha, ya kati ya wageni na mkuu wao, na ya juu ya watawa wenyewe. Nilikaa sana katika ile ya chini. Maghala yake! Nilisimama mlangoni nikijiuliza mwenzangu wa zama zile alitunza vipi hesabu ya nafaka ya kulisha watu wote wale.

Walipasha sakafu joto kwa mawe yaliyochomwa chini ya vyumba, hewa ya moto ikipanda kwenye matundu. Katika ukumbi mmoja dari yote inabebwa na nguzo moja tu katikati, na mbavu zake zinafunguka juu kama makuti ya mtende. Wanasimulia kwamba adui aliwahi kulenga mzinga kwenye nguzo hiyo, auangushe ukumbi juu ya vichwa vya wakubwa, akakosa kidogo, na tufe lipo ukutani mpaka leo. Nassor alilitazama kihandisi, akasema shabaha haikuwa mbaya.

Katika vita kuu ya pili nusu ya ngome ilianguka. Tulimkuta fundi mmoja akijaza viungo vya ukuta, mtu wa makamo mwenye vumbi kwenye nyusi. Nilipoinama kuitazama chokaa yake hakunipigia mluzi. Alinitilia kidogo kiganjani. Nikaisugua, nikainusa, nikamwonyesha kwa vidole kwamba mchanga umezidi. Akacheka, akanionyesha kwa vidole kwamba hapana. Tulibishana hivyo robo saa bila neno moja. Kisha akanishika mkono akanipeleka kanisani.

Kanisa lilikuwa bado limevunjika. Miaka hamsini na zaidi baada ya vita, dari imepasuka, sanamu hazina vichwa, kuta zinaonyesha palipong'oka. Na watu walikuwa wamejaa. Vikongwe walikaa kwenye viti vya kukunja, wakitazama juu palipokuwa na maua ya dari, na hakuna aliyeambiwa angoje pamalizwe. Kikongwe mmoja alishika ukuta uliobomoka kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu.

Nikaona haya. Nilipanda mnara na Nassor, nikamwambia pale juu kwamba Jumamosi hiyohiyo, nikifika tu, nitampeleka Bi Zuwena Bahla. Si Jabrin. Bahla, na majukwaa yake, na mabati yake, nitamshika mkono apite katikati ya mapipa. Nassor akasema ndivyo ilivyokuwa inafaa tangu zamani. Nikatazama saa yangu, ambayo sikuwa nimeibadilisha tangu Seeb, nijue nyumbani wanafanya nini. Ilikuwa saa kumi. Nikasema sasa hivi anakunywa chai ya tangawizi na Akinyi.

Tulipotoka nilimnunulia tasbihi ya kaharabu, inayotoka katika bahari ya huko. Ukiisugua inanukia.

SEEB MPAKA WATTAYA

Jumamosi asubuhi Khalfan alikuwa amesimama mlangoni pa kutokea, amevaa kanzu nyeupe iliyokunjamana. Kawaida yake hungoja ndani ya gari. Alinibusu kichwa, akachukua sanduku. Nassor alipokewa na watu wake, na sisi tukaondoka wawili.

Nikaanza kusimulia. Nilimsimulia kijiti cha halwa, behewa la mkia, bibi na mayai yake, nguzo kama mtende. Tulipopita mtaa wa Qurum hadithi yangu ilikuwa imefika kwenye ukumbi wa nguzo. Hakunikatiza. Alikuwa akiitikia, eeh mjomba, eeh mjomba, macho yako barabarani. Nikamwambia asiondoe gari mlangoni tukifika, mama yake avae tu tuondoke, tutakula njiani. Nikatoa tasbihi mfukoni nimwonyeshe.

Alipofika mbele ya maduka ya magari alisimama kando, akazima injini.

"Mjomba, mama ametangulia mbele ya haki. Alhamisi, saa kumi."

Magari mapya yalikuwa yamepangwa nyuma ya vioo, yanang'aa. Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Aliweka mikono yake miwili juu ya usukani.

"Ndivyo ulivyotufundisha."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Kisha akaniambia kwamba mama yake pia alikataza. Alisema Saidi ana safari moja tu ya namna hii, msimharibie.

Nyumbani ilikuwa siku ya tatu ya tanzia, ya mwisho. Wengi wenu mlikuwepo, mlinipa mkono. Nilikaa pamoja na watu mpaka viti vikakusanywa.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Akinyi, jikoni. Kifua kilimbana dada tangu Jumapili, siku moja kabla ya simu yangu. Jumatano alipata nafuu, kama wanavyopata wagonjwa wa namna ile. Akaomba aketishwe, akanywa uji, na kuanzia adhuhuri mpaka magharibi alizungumza. Alizungumza habari za baba, za Unguja, za mimi nilipokuwa mdogo nikilala miguuni pake. Alitaka mtu wa kumjibu anayeyajua mambo hayo, na hakukuwa na mtu hai anayeyajua isipokuwa mimi. "Alikuwa anauliza, Jumamosi ni kesho?" Akinyi akaniambia. "Nikamshow bado, mama. Akasema sawa." Alhamisi hakusema tena.

Ndege niliyoiacha ilitua Seeb Jumatano, saa sita mchana. Niliulizia.

Mnaniuliza Malbork ilikuwaje. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na nzuri, na watu wake walinitendea wema, na sina la kuisingizia. Lakini kwa kuiona nilimkosa dada yangu mchana wake wa mwisho aliokuwa na sauti. Sikumsikiliza alipozungumza, sikumshika mkono, sikumzika. Bahla hakuiona. Aliniuliza nitarudi lini, swali ambalo hakumuuliza mtu tangu baba, nami nikamtajia siku asiyokuwa nayo.